Milimita Ngapi, na kwa Masharti Gani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mizinga ya Vifaru, Risasi na Deraya

Jumapili tunapocheza gemu letu la vita vya vifaru mezani, ugomvi huwa ni uleule. Mtu anapiga, risasi inadunda, anainuka kwenye kiti: "Haiwezekani! Mzinga huu unatoboa milimita 138!" Mwenzake anafungua simu, anasoma tovuti nyingine: 124. Wa tatu ana gemu kwenye kompyuta linalosema 192. Wote watatu wanazungumzia mzinga mmoja, ule wa kifaru cha Kijerumani cha Panther, na ajabu ni kwamba wote watatu wako sahihi. Nimechoka kurudia maelezo kila wiki, kwa hiyo nimeyaandika hapa. Mengi yanahusu Vita vya Pili vya Dunia, kwa kuwa ndivyo vita ambavyo watu wengi huvicheza.

Nikiambiwa mzinga "unatoboa milimita 100", nimeambiwa nini hasa?

Umeambiwa kipande tu cha sentensi. Sentensi nzima inakwenda hivi: mzinga wa milimita 88 wa kifaru kizito cha Kijerumani cha Tiger, aina ya KwK 36, ukipiga risasi ya Pzgr. 39 yenye uzito wa kilo 10.2 inayotoka mtutuni kwa mita 773 kwa sekunde, dhidi ya bamba la chuma cha deraya lililoinamishwa digrii 30 kutoka wima, umbali wa mita 1,000, utatoboa karibu milimita 100.

Badilisha neno moja tu na namba inahama. Mzinga huohuo, risasi ileile, bamba limeinama vilevile, lakini umbali wa mita 100: milimita 120. Mita 500: 110. Mita 2,000: karibu 84. Liweke bamba wima na namba zote zinapanda. Ndiyo maana mtu akikutajia milimita bila umbali wala pembe, hajakwambia kitu. Ni sawa na kuambiwa nauli ni elfu mbili bila kuambiwa unakwenda wapi.

Sasa yule wa 138 na yule wa 124: wa kwanza amesoma safu ya mita 100, wa pili safu ya mita 500, wote digrii 30. Wa 192 amesoma namba ya gemu, bamba likiwa wima kabisa. Ugomvi wa nusu saa, na hakuna aliyeuliza swali.

Kwa nini majedwali ya Kirusi, ya Kimarekani na ya Kijerumani hayakubaliani?

Kwa sababu kila nchi ilikuwa na maana yake ya neno "kutoboa".

Piga risasi kumi kwenye bamba moja, kwa kasi moja. Kwenye mpaka wa uwezo wa mzinga, baadhi zitapita na baadhi zitakwama, maana hakuna risasi mbili wala mabamba mawili yanayofanana kabisa. Sasa utasema mzinga umetoboa ngapi zikipita? Wamarekani walichukua nusu: tano kati ya kumi. Wasovieti walikuwa na namba mbili. Moja ni ya mwanzo wa kutoboa, ambapo asilimia 20 zinapita, na nyingine ni ya uhakika, ambapo asilimia 80 zinapita. Ukichukua namba ya uhakika ya Kisovieti ukailinganisha na namba ya nusu kwa nusu ya Kimarekani, umemwonea Mrusi bila kujua.

Na hata "kupita" kwenyewe kuna ubishi. Jeshi la nchi kavu la Marekani lilikubali tundu linalopitisha mwanga. Jeshi la Wanamaji la nchi hiyohiyo lilitaka sehemu kubwa ya risasi yenyewe ivuke upande wa pili. Nchi moja, maana mbili.

Ongeza na hili: Waingereza na Wamarekani walipima umbali kwa yadi, na yadi 500 ni mita 457. Wasovieti mara nyingi walitoa namba ya bamba lililo wima pamoja na ya digrii 30, na wanaonakili mtandaoni huchukua ile kubwa. Chuma cha majaribio nacho hakikuwa na ugumu mmoja kila mahali.

Mizinga mitatu ya Kijerumani yote ni ya milimita 75. Mbona inatofautiana hivi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa ukilielewa umeelewa nusu ya mambo. Milimita 75 ni upana wa tundu la mtutu. Haikwambii mtutu una urefu gani wala baruti ni kiasi gani.

Wajerumani waliandika urefu kwa herufi L. L/24 maana yake mtutu una urefu wa mara 24 ya upana wake, yaani mita 1.8. Huo ulikuwa mzinga wa vifaru vya Panzer IV za mwanzo, mfupi kama kisiki, uliokusudiwa kusaidia askari wa miguu kwa makombora ya mlipuko. Risasi yake ya kutoboa ilitoka kwa mita 385 kwa sekunde, na kwa mita 500 ilitoboa karibu milimita 39. L/48 wa Panzer IV za baadaye: mita 790 kwa sekunde, milimita 96 kwa umbali huohuo. L/70 wa Panther, mtutu wa mita 5.25: mita 935 kwa sekunde, milimita 124.

Uzito wa risasi katika mizinga yote mitatu haupishani sana, ni kama kilo 6.8. Kilichobadilika ni mwendo, na nguvu ya kitu kinachokwenda huongezeka kwa mraba wa mwendo wake. Piga hesabu: L/24 inatoa kama megajuli 0.5, L/48 kama 2.1, L/70 karibu 3.

Sasa angalia Tiger. Mzinga wake wa 88 L/56 unatoa megajuli 3.05, yaani karibu sawa kabisa na Panther. Lakini Panther inatoboa zaidi! Sababu ni kwamba nguvu ileile inasukumwa kupitia tundu dogo zaidi. Msumari na nyundo: mkono ni mmoja, ila msumari mwembamba unaingia kirahisi kuliko mnene.

Na wale wanaosema "88" kana kwamba ni kitu kimoja: 88 ya Tiger II ni L/71, mita 1,000 kwa sekunde, milimita 165 kwa umbali wa mita 1,000 na digrii 30. Ile ya Tiger ya kwanza ilikuwa 100. Jina moja, watu wawili.

Naweza kupiga hesabu mwenyewe bila kutafuta jedwali?

Unaweza, kwa kanuni ya Jacob de Marre, ya karne ya 19, iliyotengenezwa kwa ajili ya meli za kivita kabla kifaru hakijazaliwa. Kwa kulinganisha mizinga miwili inayopiga risasi za aina moja, chukua namba ya mzinga unaoujua kisha uizidishe kwa vitu vitatu: kwa uwiano wa mwendo uliopandishwa kwenye kipeo cha 1.43, kwa uwiano wa uzito kwenye kipeo cha 0.71, na kwa uwiano wa upana, huu ukiwa umegeuzwa, kwenye kipeo cha 1.07.

Tujaribu. Tunaijua Tiger: milimita 120 kwa mita 100. Tunataka Panther. Mwendo: 935 kugawa kwa 773, kwenye kipeo, ni 1.313. Uzito: 6.8 kugawa kwa 10.2, kwenye kipeo, ni 0.75. Upana: 88 kugawa kwa 75, kwenye kipeo, ni 1.187. Zizidishe zote unapata 1.169. Mara 120 ni milimita 140. Jedwali la Wajerumani wenyewe linasema 138.

Mara ya kwanza nilipofanya hesabu hii kwa kikokotoo cha simu nilidhani nimekosea kwa bahati nzuri. Nikairudia. Ni milimita mbili tu.

Usiitumie, lakini, kulinganisha risasi za aina tofauti. Chuma kitupu na risasi ya kiini cha wolframu havikai kwenye mizani moja. Risasi ya HEAT, nitakayoieleza hapa chini, ndiyo kabisa, haihusiki.

AP, APCBC, APCR, APDS, HEAT: ninahitaji kuzijua zote?

Ukicheza, ndiyo. Zina tabia tofauti.

AP ni kipande cha chuma kigumu chenye ncha. Tatizo lake ni kwamba ikigonga bamba lililogumishwa uso likawa gumu kama kioo, ncha inapasuka. Waingereza walilijua hili huko Afrika Kaskazini: risasi zao zisizo na kofia zilikuwa zikivunjika juu ya mabamba ya Panzer III. Dawa ikawa ni kuivisha ncha kofia ya chuma laini kidogo, inayopokea pigo la kwanza. Juu ya kofia hiyo wakaweka nyingine nyembamba ya kukata upepo, ili risasi isipoteze mwendo. Hiyo ndiyo APCBC, na ndiyo iliyokuwa chakula cha kila siku cha vifaru vya Kijerumani, Kimarekani na Kiingereza katika nusu ya pili ya vita.

APCR ina kiini chembamba cha kabidi ya wolframu ndani ya mwili mwepesi. Risasi nzima ni nyepesi, kwa hiyo inatoka kwa kasi kubwa: ile ya mzinga wa Marekani wa milimita 76 ilitoka kwa mita 1,036 kwa sekunde, wakati risasi ya kawaida ya mzinga huo ni 792. Kwa karibu ni balaa. Kwa mbali, mwili mwepesi na mnene unashikwa na upepo na mwendo unaanguka haraka. Na kwenye bamba lililolala sana, kiini huteleza au kuvunjika.

APDS ni jibu la Waingereza kwa udhaifu huo: kiini hichohicho, lakini mwili wa nje unaachwa nyuma mara tu risasi inapotoka mtutuni, kikaendelea kiini chembamba peke yake. Mzinga wao wa pauni 17 (jina linatokana na uzito wa risasi), uliofungwa kwenye vifaru vya Kimarekani vya Sherman zilizoitwa Firefly, ulirusha APDS kwa mita 1,200 kwa sekunde, na jedwali linaupa milimita 192 kwa yadi 1,000 na digrii 30. Wachezaji husoma hapo wakaanza kucheka kwa furaha. Wangesoma na habari za Isigny, Normandy, katika kiangazi cha 1944, ambako Wamarekani waliwapiga Panther waliotekwa kwa kila walichokuwa nacho. Walikuta APDS ile haina shabaha ya kutegemewa. Namba kubwa ya kutoboa haikusaidii kitu ukikosa kifaru.

HEAT haitegemei mwendo wala umbali. Ni koni ya madini iliyozungukwa na baruti kali. Ikilipuka, koni inabanwa na kuwa mchirizi mwembamba unaokwenda kilomita kadhaa kwa sekunde. Watu husema "inayeyusha chuma". Haiyeyushi. Chini ya kanieneo ile chuma kinasukumwa pembeni kama tope, bila kuwa kimiminika cha moto. Panzerfaust, bomba la kutupa aliloweza kubeba kijana yeyote, lilitoboa karibu milimita 200 kwa namna hiyo, zaidi ya Tiger nzima ya tani 57. Ila ilibidi ujongee hadi makumi ya mita, na wengi wa vijana hao hawakuonekana tena.

Kama APCR ni nzuri hivyo, kwa nini Wajerumani hawakuitumia kila wakati?

Wolframu. Kabidi yake ina uzito wa karibu mara mbili ya chuma kwa ujazo uleule, na ni ngumu mno, ndiyo maana inafaa. Lakini viwanda vinaihitaji hiyohiyo kwa meno ya mashine za kukereza chuma, na bila mashine hizo hakuna mizinga wala injini. Ujerumani iliipata hasa kutoka Ureno na Hispania. Juni 1944 Salazar, mtawala wa Ureno, akishinikizwa na Waingereza, akafunga mauzo. Hata kabla ya hapo risasi za Pzgr. 40, yaani APCR yao, zilikuwa za kuhesabu. Kwenye gemu unapewa thelathini. Mpigaji wa kweli alishukuru akipata tano.

Madini haya hayako mbali na sisi, kwa njia. Wolframu inachimbwa Rwanda, mashariki mwa Kongo na Kigezi kule Uganda, na ndiyo mojawapo ya yale madini matatu ambayo habari za Kivu huyataja kila siku pamoja na bati na koltani.

Mteremko wa bamba unasaidia kiasi gani?

Kuna hesabu rahisi na kuna ukweli.

Hesabu rahisi: gawa unene kwa kosaini ya pembe. Kifaru cha Kisovieti cha T-34 kina bamba la mbele la milimita 45 lililolala digrii 60 kutoka wima. Risasi inayokuja moja kwa moja inapita kwenye chuma cha milimita 90. Sherman za mwanzo, milimita 51 kwa digrii 56, ni 91. Panther, milimita 80 kwa digrii 55, ni karibu 140. Kumbe mbele ya Sherman na mbele ya T-34 ni kitu kilekile! Waambie hivyo wale wanaoamini Warusi peke yao ndio waliogundua mteremko.

Ukweli ni mgumu zaidi. Risasi haipiti kwa mstari ulionyooka, bali hugeuzwa na bamba, na mara nyingi milimita 80 zilizolala ni kali kuliko hata hizo 140. Kwa upande mwingine, risasi ikiwa nene kuliko bamba, mteremko unapoteza nguvu. T-34 ilidundisha vizuri risasi za milimita 37 na 50 mwaka 1941. Mbele ya 88 mteremko uleule ulikuwa mapambo.

Tiger haikuwa na mteremko wa maana: mbele milimita 100, ubavuni 80, karibu wima. Kwa hiyo dereva alitakiwa kuutengeneza mwenyewe, kwa kukigeuza kifaru kidogo. Kitabu cha mafunzo cha 1943 kiliwafundisha hili kwa saa ya mlo, saa ikisomwa Kizungu: adui asiwe saa 12 mbele yako, awe katikati ya 10 na 11, saa ya kifungua kinywa, au katikati ya 1 na 2, saa ya chakula cha mchana. Hiyo ni digrii 45: mbele panakuwa 141, ubavuni 113. Ukigeuka digrii 30 tu, mbele ni 115 na ubavu 160. Ukitaka pande zote mbili zilingane, ni kama digrii 39, na unapata 128 kila upande. Lakini nani atapima digrii 39 huku anapigwa? Saa ya mlo inakumbukwa.

Kwa hiyo Sherman ya milimita 75 haiwezi kuitoboa Tiger kabisa?

Mbele, sahau. Mzinga ule ulirusha risasi kwa mita 619 kwa sekunde na ulitoboa karibu milimita 66 kwa yadi 500 na digrii 30. Ubavuni, kwa karibu na kwa kunyooka, inawezekana.

Wasovieti nao walilipata somo hilo. Tiger ya kwanza waliyoiteka karibu na Leningrad mwanzoni mwa 1943 waliipeleka uwanja wa majaribio wa Kubinka. Mzinga wa T-34 wa milimita 76 ulishindwa kutoboa ubavu wake kutoka mita 200. Mita 200 ni viwanja viwili vya mpira. Ukitaka kujua kwa nini T-34 ikapewa mzinga wa milimita 85, anzia hapo.

Nikitoboa, nimeua?

Hapana, na usipotoboa pia hujashindwa.

Tuanze na la pili. Tiger iliyopo makumbusho ya Bovington, Uingereza, ile inayotembea mpaka leo, ilitekwa Tunisia Aprili 1943. Ukiichunguza utaona alama ya risasi chini ya mtutu. Risasi ya pauni 6 iligonga hapo, ikateleza hadi kwenye mzunguko wa mnara, ile sehemu ya juu inayogeuka na mzinga, mnara ukakwama. Hakuna bamba kuu lililotobolewa. Askari walikiacha kifaru wakaenda zao. Jedwali gani lina safu ya "waliondoka"?

Panther nayo ilikuwa na ngao ya mzinga ya mviringo. Risasi iliyogonga nusu yake ya chini ilidunda kwenda chini, kwenye paa la dereva lenye milimita 16 tu. Mwaka 1944 Wajerumani wakaongeza kidevu kwenye ngao kuizuia. Waliopiga Panther kwa makusudi pale hawakuhitaji milimita 140.

Sasa la kwanza. Risasi ya Kijerumani ilikuwa na baruti kidogo ndani na fyuzi ya nyuma, ilipuke ikishaingia. Waingereza walipendelea chuma kitupu. Zote zikiingia, athari si sawa. Lakini kilichochoma vifaru vingi kilikuwa risasi za kifaru chenyewe. Sherman imesingiziwa kwamba ni petroli. Uchunguzi wa jeshi la Marekani wa 1945 ulionyesha kwamba zile zilizohifadhi risasi kavu ziliungua asilimia 60 hadi 80 zilipotobolewa, na zile zilizohifadhi kwenye masanduku yenye maji asilimia 10 hadi 15. Petroli ilikuwa ileile.

Mbona kwenye gemu risasi yangu hupita leo na kudunda kesho, mahali palepale?

Kwenye World of Tanks, kwa sababu gemu linarusha dadu bila kukuonyesha. Namba unayoiona ni wastani wa mita 100, na kila risasi hupewa kitu kati ya asilimia 25 chini na asilimia 25 juu. Ukisoma 200, ujue ni 150 hadi 250. Pia risasi ya kawaida ikigonga kwa zaidi ya digrii 70 inadunda moja kwa moja, isipokuwa upana wake ukizidi mara tatu ya unene wa bamba.

War Thunder inakwenda kwa hesabu: tangu 2019 risasi za chuma hupewa namba kwa kanuni ya aina ya De Marre, na ndiyo maana Panther ya gemu inafika 192 wima. Hakuna jedwali la Wajerumani lenye 192. Si uongo, ni mizani moja kwa mataifa yote, na mimi naona ni haki zaidi kuliko kuchanganya majedwali ya nchi tano.

Wanaolalamikia dadu, wasome tena sehemu ya asilimia 50 na 80. Uwanja wa majaribio wenyewe ulikuwa dadu. Ninachokilalamikia mimi ni asilimia 25, ambayo ni kubwa mno.

Kwenye meza, Tiger yangu haina faida yoyote. Kwa nini?

Umeipeleka kupigana sebuleni. Kwa vifaru vya kipimo cha 1:72, meza ya mita 1.8 ni uwanja wa mita 130. Umbali huo hata mzinga dhaifu una matumaini, na ukubwa wa Tiger ulikuwa kupiga kutoka mita 1,000 na zaidi. Kilomita moja kwa kipimo hicho ni karibu mita 14. Utatoka mlangoni, uvuke uwanja hadi kwa jirani.

Kuna dawa mbili. Tumia vifaru vidogo, 1:285, ambapo kilomita ni mita 3.5. Au acha vifaru vikubwa lakini ukubaliane kwamba sentimita moja mezani ni mita 10, hata kama macho yanakataa. Sisi tumechagua ya pili, kwa sababu vifaru vyetu ni vya maboksi ya viberiti na hakuna aliye tayari kuvikata upya.

Haya yote ni ya Ulaya. Huku kwetu yanahusu nini?

Kenya ilinunua Vickers Mk 3 kutoka Uingereza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na mzinga wake ni L7 wa milimita 105, ambao risasi yake kuu ya kutoboa ilikuwa APDS, mjukuu wa ile ya pauni 17. Na wengi mnaikumbuka meli ya MV Faina, iliyotekwa na maharamia wa Kisomali Septemba 2008 ikiwa na vifaru 33 vya T-72, ikafika Mombasa Februari 2009. T-72 inarusha mshale mwembamba wenye mapezi kupitia mtutu laini wa milimita 125. Ni wazo lilelile: nguvu kubwa, tundu dogo.

Nitumie jedwali lipi kwa gemu la nyumbani?

Moja. La nchi moja, pembe moja. Sisi tunatumia la Kijerumani, digrii 30, kwa mizinga ya Kijerumani, halafu mizinga mingine yote inayopiga risasi za chuma tunaikokotoa kwa De Marre kutoka hapo. Halafu dadu mbili: jumla ya 7 ni namba yenyewe, kila alama juu au chini ni asilimia 3. Mwisho kabisa ni asilimia 15, na hutokea mara moja moja, kama inavyopaswa.

Na pembe mnaipimaje?

Kwa kipimapembe cha plastiki kutoka kwenye seti ya jometri ya mtoto wa binamu yangu, darasa la saba. Unakiweka juu ya boksi la kiberiti, unavuta uzi kutoka kwa mpigaji. Asiyepiga ndiye anayesoma namba, na aliyepiga haruhusiwi kugusa meza mpaka isomwe. Jumatatu asubuhi kinarudi kwenye mkoba wa shule.